Damu Iliyokataa Kuganda

Damu haikuganda.

Chumvi aliinamisha tyubu taratibu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Damu ikateleza ubavuni mwa glasi, nyepesi, bila kusita. Akatazama Casio yake. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Tyubu hii ilikuwa kwenye kishikio tangu kabla ya saa tatu.

Kifuniko chekundu.

Tyubu ya kifuniko chekundu haina dawa yoyote ndani. Ukitia damu ya mtu humo, ikikaa nusu saa inakuwa donge, na juu yake panabaki maji ya manjano yanayoitwa seramu. Hayo ndiyo yanayopimwa. Kila fundi wa maabara anayajua haya kabla hajajua jina la bosi wake.

Akachukua ya pili. Maji.

Ya tatu. Maji.

Tyubu kumi na mbili za watoto kumi na wawili wa wodi ya lishe, na hakuna hata moja iliyoganda.

Hakushtuka. Alizirudisha zote kwenye kishikio kwa mpangilio wake, akafungua droo ya chini na kutoa daftari la jalada jeusi. Lilikuwa la fundi aliyekalia kiti hiki kabla yake. Kijana wa miaka thelathini na minne, mkimbiaji wa kila Jumamosi. Wiki tatu zilizopita alikutwa ameinamia meza hiihii, amekufa. Moyo, walisema.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na neno moja. Lilipigiwa mstari mara mbili.

*Haigandi.*

Chumvi akalifunga daftari.

Hii ilikuwa siku yake ya tatu hapa. Hospitalini walimwita Dada wa Kemia. Jina la Chumvi lilijulikana mahali pamoja tu, ofisi isiyo na kibao mlangoni, ambayo waliokuwa wakiitumikia waliiita Jikoni. Kemia hakusomea chuoni. Aliisoma kwenye vitabu vya mitumba, jioni baada ya jioni, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu miaka kumi na mitano ya kuwakimbiza walanguzi wa dawa bandia ilimfundisha kwamba huwezi kumkamata mwongo ambaye lugha yake huijui.

Amri ilikuja kwenye Nokia yake ndogo. Maneno saba.

*Maziwa yanachemka bila moto. Nenda kaonje kwanza.*

Makontena mia mbili ya maziwa ya unga ya tiba yalikuwa ghalani. Yaliletwa kwa ajili ya watoto wenye unyafuzi, wale wanaovimba miguu na uso kwa kukosa protini. Kampuni iliyoyaleta ilikuwa na anwani tatu katika nchi tatu, na kila anwani ilikuwa sanduku la barua. Ili yaruhusiwe, yalijaribiwa kwa watoto kumi na wawili kwa wiki nne. Wiki nne zilikuwa zinaisha leo. Saa nane mchana kamati ingekaa, daktari wa wodi angetia saini, na kabla ya jua kuzama malori yangeanza safari ya kliniki mia tatu.

Karatasi zote za majaribio zilisema watoto wanapona.

Fomu ya leo iliomba kipimo kimoja tu: albumini, ile protini ya damu inayoshuka mtoto anapokosa lishe. Chumvi aliizungusha tyubu ya kitanda namba sita mpaka chembe zikatuama, kisha akaiingiza kwenye mashine. Akabonyeza albumini. Kisha akabonyeza potasiamu na kalsiamu, ambazo hakuna aliyeziomba. Ilikuwa tabia yake. Mtu akimwambia tazama hapa tu, yeye huanza kwa kutazama pembeni.

Mashine ilinguruma dakika saba.

Albumini: arobaini na moja. Albumini ya mwanajeshi.

Potasiamu: kumi na sita.

Kalsiamu: karibu na sifuri.

Chumvi alizisoma namba mara mbili. Mtu mwenye potasiamu kumi na sita hahitaji maziwa. Anahitaji jeneza. Na huyu wa kitanda sita, msichana wa miaka mitatu, alimwona asubuhi ileile akimtupia sista kijiko.

Kwa hiyo damu hii haikuwa ya mtoto. Na haikutoka kwenye tyubu nyekundu.

Kuna tyubu nyingine, ya kifuniko cha zambarau. Hiyo ina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa yenyewe imetengenezwa kwa potasiamu, nayo hufanya kazi kwa kuikamata kalsiamu yote. Mafundi wanaohesabu chembe za damu huitumia hiyo. Mtu alichukua mabaki ya zambarau ya watu wazima wenye afya, akayamimina kwenye tyubu nyekundu zenye majina ya watoto. Alijua kwamba dawa ile haiharibu albumini. Alijua fomu itaomba albumini peke yake.

Mtu wa mtaani asingejua pa kuipata damu hiyo. Mtu wa kemia asingethubutu, angejua potasiamu itamfichua.

Anabaki mtu wa chumba cha pili.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Dada wa Kemia! Umejifunga vifungo mpaka kwenye viganja kama unakwenda kuposwa!"

Darubini, mkuu wa chumba cha kuhesabu chembe. Mnene, mcheshi, koti jeupe limeachwa wazi, mikono ya koti inapepea. Sampuli zote za hospitali hupitia kwenye dirisha lake la mapokezi kabla ya kugawanywa. Kila mtu alimpenda. Chumvi pia, kidogo.

"Mikono mirefu hunasa, kaka."

"Itanasa nini humu? Hata mume wa kunaswa hakuna." Akacheka peke yake. "Majibu ya watoto wangu tayari? Wakubwa wanayangoja."

"Mashine bado inapasha."

"Andika albumini tu, mama. Hayo mengine hawajayaomba."

Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mashine. Kwa sekunde moja. Kisha yakarudi kwake, na kicheko kikarudi pamoja nayo, lakini kikiwa kimechelewa kidogo.

"Nitaandika kilichoombwa," Chumvi alisema.

"Ndiyo maana nakupenda. Yule marehemu alikuwa mbishi."

Akatoka.

Chumvi alichomoa kalamu kutoka mfukoni, akazungusha kofia yake nusu duara. Taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama ikawaka.

"Jikoni, hapa Chumvi."

"Sema." Sauti ya Mpishi, mkuu wake, nzito na yenye usingizi hata mchana.

"Damu inabadilishwa. Karatasi zote ni za watu wengine."

"Tuvamie?"

"Mkivamia sasa mtakuta makaratasi safi. Watasema mmewaonea, na malori yataondoka kesho badala ya leo. Nahitaji damu ya watoto wenyewe."

"Una muda gani?"

"Mpaka saa nane."

"Chumvi." Usingizi ukaitoka sauti yake. "Aliyekutangulia naye alitaka kuhakikisha kwanza."

"Najua. Nimekalia kiti chake."

*

Wodi ya lishe ilikuwa ndefu, dari ya chini, vitanda sita kila upande. Ilinukia sabuni na maziwa. Sista wa wodi alimpokea mlangoni, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Tena? Si tumeshawatoa damu asubuhi? Mtawamaliza hawa."

"Sista, damu ya asubuhi ulimpa nani?"

"Niliiweka kwenye sanduku. Sanduku likaenda dirishani kwa Darubini. Kama kila siku." Akamtazama. "Kwani vipi?"

"Nisaidie kuchukua ya watoto watatu tu. Usiiweke kwenye sanduku."

Sista akashusha miwani. Alifanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Hakuuliza la pili.

Kitanda namba sita kilikuwa karibu na dirisha. Msichana alikaa katikati ya mito, uso umejaa, mashavu yamevimba na kung'aa. Mtu asiyejua angemwita mtoto mnene. Nywele zake zilikuwa nyepesi na nyekundunyekundu. Pembeni alikaa bibi yake, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa.

"Mwanangu," bibi alimwambia Chumvi, "hiyo damu mnayochota kila siku mnaipeleka wapi? Mnaipika?"

"Leo nitaishika mwenyewe, bibi."

"Aliyekuja wiki ya kwanza naye alisema hivyohivyo. Yule kijana mwembamba. Hakurudi."

Chumvi aliinama juu ya mkono wa mtoto. Alikuwa akitafuta mshipa.

"Njoo nikuonyeshe kitu," bibi akasema. Akaushika mguu wa mjukuu wake, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, akahesabu mpaka tano, akaachia.

Shimo likabaki.

"Wiki ya pili nilimwonyesha daktari. Akanionyesha karatasi. Eti karatasi inasema anapona. Nikamwambia, baba, mimi silei karatasi."

Mtoto alilia mara moja sindano ilipoingia, kisha akanyamaza kabisa. Kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko kilio. Asubuhi alikuwa na nguvu ya kutupa kijiko; sasa alimtazama Chumvi kama anamtazama kupitia ukungu.

"Anakunywa maziwa?" Chumvi aliuliza.

"Yote. Anamaliza kikombe na kulamba. Ndiyo linaloniua. Mtoto anashiba na huku anakwisha."

"Sista," Chumvi alisema chini kwa chini, "akiendelea hivi?"

Sista aliangalia pembeni. "Nimeona wengi. Hana wiki mbili huyu."

Watoto watatu, tyubu tatu nyekundu. Chumvi aliandika majina mwenyewe, saa mwenyewe. Saa sita na dakika kumi. Sista akaweka saini yake kwenye kila kibandiko. Kisha Chumvi akakunja mkono wa koti, akafunga mpira juu ya kiwiko na kujitoa damu yake mwenyewe kwenye tyubu ya nne.

"Na wewe unaumwa?" bibi akauliza.

"Mimi ndiye kipimo, bibi. Nimekula vizuri."

Akazitia tyubu zote nne kifuani, ndani ya koti, akafunga vifungo. Damu haiharakishwi. Hata uwe na bunduki, itaganda kwa wakati wake. Lakini joto la mwili haliidhuru.

*

Aliporudi maabara, mashine ilikuwa kimya.

Umeme ulikuwepo. Taa za dari ziliwaka. Waya wa mashine ulikuwa umekatwa nyuma, safi, kwa mkasi mkali. Sentrifuji ya umeme nayo, ile inayozungusha tyubu ili seramu ijitenge na donge, haikuwa na waya kabisa. Mtu alikuwa ameondoka nao.

Saa saba kasoro dakika kumi na nane.

Chumvi alitoa tyubu ya kitanda sita na kuiinamisha.

Haikuteleza. Donge jeusi lilishika chini, limejikunja kama ngumi. Dakika thelathini na mbili, na alipoichungulia mara ya kwanza akiwa kwenye ngazi, dakika ishirini na sita, ilikuwa tayari imeshashika.

Imeganda.

Akaenda stoo. Siku yake ya kwanza, wengine walipokwenda kunywa chai, yeye alifungua kila sanduku la stoo na kuandika kilichomo. Nyuma ya viti vilivyovunjika kulikuwa na sentrifuji ya zamani ya chuma, ya kuzungushwa kwa mkono, yenye mikono minne na meno ya gia yaliyo wazi kama ya baiskeli. Juu ya rafu, chupa ya rangi ya kijani. Rangi hiyo ndiyo iliyopima albumini kabla ya mashine. Ikikutana na albumini nyingi, hugeuka buluu. Isipoikuta, inabaki na umanjano wake.

Akaibana sentrifuji mezani. Tyubu za watoto watatu na yake mwenyewe, moja kila mkono, uzito sawa. Akaanza kuzungusha.

Gia zikalia.

Dakika ya tatu. Jasho. Dakika ya tano. Akabadilisha mkono. Dakika ya nane, seramu ilianza kujionyesha, manjano, juu ya kila donge.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Safari hii hapakuwa na utani.

Darubini akaufunga nyuma yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Unachoka bure, mama. Acha hiyo."

"Imebaki dakika mbili."

"Nimesema acha."

"Kaka," Chumvi alisema kwa upole, mkono wake ukiendelea kuzunguka, "ulijua albumini haitaharibika. Hilo ulilifikiria vizuri. Lakini kuganda je? Ulidhani hakuna atakayetazama?"

"Hakuna anayetazama siku hizi. Watu wanaingiza tyubu na kusoma namba." Akasogea. "Isipokuwa yule. Na wewe."

Mkono ukatoka mfukoni. Sindano ya mililita ishirini, imejaa, maji meupe safi.

Chumvi hakuhitaji kuuliza ni nini. Potasiamu. Ukiitia kwenye mshipa, moyo unasimama hapohapo. Na hata mtu akija kuchunguza, haikai kama ushahidi, maana maiti wote wana potasiamu nyingi.

Moyo, walisema.

Bastola yake, Glock ndogo, ilikuwa ndani ya boksi la glavu. Hatua tatu. Mbali mno.

"Walikwambia nini?" aliuliza. "Nataka kujua tu."

"Kwamba ni mzigo huu tu. Wiki mbili, tatu, kisha maziwa halisi yanakuja nyuma yake. Hakuna atakayedhurika. Nilikwishamimina mara ya kwanza ndipo kijana akaanza kuuliza. Ningefanyaje?"

"Ungemjibu."

Akamrukia.

Chumvi hakukimbia. Aliinama chini ya mkono wenye sindano, akaukamata mkono wa koti uliokuwa ukipepea, akautupa juu ya gia na kuzungusha kwa nguvu zake zote.

Gia zikang'ata kitambaa.

Nguo ikavutwa. Mkono ukafuata. Darubini akapiga yowe, akaanguka kwa magoti, kiganja kimebanwa kwenye chuma, sindano ikadondoka na kubingirika chini ya meza. Chumvi akaisukuma mbali kwa kiatu. Akatembea hatua tatu, akafungua boksi la glavu.

"Usivute," alimwambia, Glock mkononi. "Ukivuta utakosa vidole. Na utahitaji vidole kuandika maelezo."

Darubini alikuwa analia.

Chumvi alimtazama kwa muda. Hakuona zimwi. Aliona mtu aliyefanya jambo moja baya, kisha akafanya baya zaidi ili la kwanza lisionekane. Watu wa aina hii alikuwa amewafunga wengi. Hakuwahi kumpata mmoja aliyeanza akikusudia kuishia alikoishia.

Lakini kitanda sita hakikuwa na wiki mbili.

Alimfunga mkono mwingine kwenye bomba la sinki kwa mpira wa kutolea damu. Akatoa tyubu zake nne, moja moja, bila kuzitikisa, akachota seramu ya kila moja na kuichanganya na rangi ya kijani.

Saa saba na dakika tano. Akaiita Jikoni kwa kalamu.

*

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, kiyoyozi cha Samsung na watu tisa. Mwakilishi wa kampuni alikuwa amesimama. Suti ya kijivu, tai ya kijivu, sauti laini isiyo na pembe.

"...kwa hiyo, waheshimiwa, wiki nne, watoto kumi na wawili, na kila mmoja amefikia kiwango cha mtu mzima mwenye afya. Kilichobaki ni saini ya daktari."

Mbele ya daktari wa wodi palikuwa na karatasi. Kalamu ilikuwa wazi mkononi mwake.

Mwanamke mwenye sinia akaingia. Hakuna aliyegeuka. Watu wa kamati hawamtazami mtu mwenye sinia.

Akaliweka mbele ya daktari na kuondoa kitambaa upande mmoja.

Hapakuwa na chai. Palikuwa na kishikio cha mbao na tyubu nne ndogo zimesimama kwenye mstari. Moja ilikuwa buluu iliyokolea. Tatu zilikuwa na rangi hafifu ya kijani yenye umanjano, kama maji yaliyosuuzia mboga.

"Samahani, daktari," Chumvi alisema. "Hii ya buluu ni yangu. Hii ya pembeni ni ya kitanda sita."

Daktari aliitazama. Kisha akatazama karatasi. Kisha tena tyubu.

"Nani ametoa damu hii?"

"Mimi, mbele ya sista. Saini yake ipo kwenye kila kibandiko. Imeganda vizuri. Zile za asubuhi hazikuganda, na hazina kalsiamu. Nilizificha kwenye friji, unaweza kuzitazama."

Daktari alikuwa mzoefu. Alijua maana ya damu isiyo na kalsiamu kwenye tyubu nyekundu. Rangi ilimtoka usoni polepole.

"Rangi kwenye glasi?" Mwakilishi alitabasamu. "Waheshimiwa, tuko karne gani? Maziwa yetu yamepimwa protini na maabara inayotambulika."

"Kwa kipimo gani?" daktari akauliza, bila kumtazama.

"Cha kawaida."

"Kile kinachopima nitrojeni, halafu kinakisia protini." Daktari aliongea kama mtu anayejisomea mwenyewe. "Mtu akitia unga wa kiwandani wenye nitrojeni, ule unaotengenezewa sahani za plastiki, kipimo kitasema protini ipo. Na mtoto atakunywa. Atashiba." Akaisukuma karatasi pembeni. "Bibi yake aliniambia. Wiki ya pili. Nikamwonyesha karatasi."

Akafunga kalamu yake. Mlio mdogo. Klik.

Mkono wa Mwakilishi uliingia ndani ya suti.

"Taratibu," Chumvi alisema. Upande wa pili wa sinia ulikuwa bado umefunikwa, na chini yake mdomo wa Glock ulimwelekea kifua. "Nina tyubu za glasi mezani."

Mkono ukatoka mtupu.

Kwa mara ya kwanza Mwakilishi alimtazama vizuri. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomkaa Chumvi akilini baadaye.

"Fundi mwingine," alisema. "Ni watu wa kuchosha sana ninyi. Unadhani tulisubiri saini ili tuanze?"

Nje, breki za Land Cruiser mbili zilisugua changarawe. Viatu kwenye ngazi. Vijana wa Jikoni waliingia bila kelele, wakamchukua kwa viwiko, wakamtoa. Wawili wakashuka maabara na bisibisi kumfungua Darubini kutoka kwenye gia.

Kalamu ya Chumvi ikatetemeka mfukoni.

"Ghala limefungwa," Mpishi alisema. "Makontena mia na tisini na nane."

Chumvi akaileta kalamu mdomoni. "Yalikuwa mia mbili."

"Mawili yaliondoka alfajiri, kabla hata hujaamka. Tumeyakuta malori yakiwa matupu. Yameshagawa."

"Kliniki ngapi?"

"Kumi na tisa. Tumepiga simu zote, tumewaambia wasimamishe. Kumi na moja wamepokea."

"Na nane?"

"Hawapokei," Mpishi alisema. "Gari la kuwafuata linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nataka nikuondoe leo, jina lako limeshaungua hapo. Nitume mwingine."

"Mwingine atasoma namba. Nakwenda mimi."

*

Saa kumi na moja jioni wodi ilikuwa imetulia. Makopo ya maziwa mapya yalikuwa yamerundikwa nje ya mlango na kufungwa kwa utepe. Sista alikuwa akimlisha kitanda sita maziwa ya akiba ya zamani ya wodi, kijiko kimoja, anangoja, kijiko kingine.

"Mbona unambania hivyo?" bibi alilalamika. "Mpe kikombe!"

"Kidogo kidogo, bibi. Mwili ulionyimwa muda mrefu ukipewa karamu ghafla unaanguka. Leo vijiko. Kesho tunaongeza."

Bibi akamgeukia Chumvi. Akabonyeza mguu wa mtoto, akahesabu, akaachia. Shimo likabaki vilevile.

"Bado lipo," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa tena.

"Na kesho litakuwepo," Chumvi alisema. "Siwezi kukudanganya. Endelea kubonyeza kila siku. Siku likijaa haraka kuliko leo, mwambie daktari. Safari hii atasikiliza."

"Na yule kijana mwembamba? Alirudi?"

"Hapana, bibi. Lakini kazi yake imefika."

Maabara palikuwa pamefagiwa. Sentrifuji ya mkono ilikuwa bado mezani, uzi mweupe umening'inia kwenye meno ya gia. Chumvi alitoa boksi la tyubu nyekundu, akahesabu za kliniki nane ambazo simu zao hazikupokewa, akabandika vibandiko vitupu, akazipanga kwenye sanduku la baridi. Akaongeza chupa ya rangi ya kijani. Akaifungua sentrifuji kutoka mezani na kuifunga kwa taulo.

Vibandiko vilimwishia katikati ya kliniki ya sita. Vingine vilikuwa stoo kuu, na stoo kuu ilikuwa imefungwa mpaka asubuhi.

Akafungua daftari jeusi kwenye ukurasa wa mwisho. Chini ya neno lililopigiwa mstari mara mbili, akaandika kwa mwandiko wake mdogo:

*Imeganda. Dakika ishirini na sita.*

Na chini yake:

*Kesho: vibandiko. Kliniki nane.*

Akalitia mfukoni, akafunga kifungo cha kila mkono wa koti, akazima taa na kuondoka kwa miguu yake, bila haraka, sanduku la baridi likigongagonga pajani.